Walikubaliana Kimyakimya? Tathmini ya Kamusi ya Simu kwa Kidahizo Kimoja

Kwa mwaka mmoja na miezi minne sasa nimekuwa nikitumia kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya kwenye simu, ile ya kulipia, ambayo sitaitaja jina kwa kuwa nina ugomvi nayo wa fedha nitakaoueleza hapo mbele na nisingependa tathmini hii isomwe kama hati ya mashtaka. Kazi yangu ni kutafsiri mikataba ya pango, barua za mawakili na nyaraka za mirathi jijini Dar es Salaam, na tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, maneno mengi ya Kiingereza ambayo zamani tuliyaacha yalivyo sasa yanadaiwa tafsiri. Kuipima kamusi nzima ni kazi ya jopo la watu kwa miaka, kwa hiyo nimeipima kwa kidahizo kimoja tu, yaani neno moja lililoorodheshwa na kufasiliwa, lililonitia aibu mbele ya mteja: kielezi tacitly.

Nianze na yanayostahili sifa. Programu yenyewe ni nyepesi, inafunguka haraka hata kwenye simu ya bei ndogo, na ukishaipakua haili bando kwa sababu maneno yote hukaa ndani ya simu. Ukikosea tahajia inakukisia vizuri. Niliandika “tasitly” makusudi, ikanipeleka panapotakiwa bila kunihubiria. Sauti ya matamshi ni safi kuliko ya kamusi yoyote ya simu niliyowahi kuijaribu: neno linasikika kwa silabi tatu, mkazo ukiwa kwenye ya kwanza, na herufi c ikitoka kama s, kiasi kwamba mtu aliyezoea kusema “takitli”, kama nilivyokuwa mimi hadi nikiwa mtu mzima, anajirekebisha papo hapo.

Tatizo linaanza pale macho yanaposhuka kwenye fasili. Chini ya kidahizo pameandikwa “kimyakimya, bila kusema”. Kisha unafuata mfano mmoja, They tacitly agreed, uliotafsiriwa “Walikubaliana kimyakimya”, na mwishoni visawe vitatu vya Kiingereza: silently, quietly, secretly. Hakuna zaidi. Mtumiaji mwenye haraka atachukua neno la kwanza analoliona, na mimi siku ile nilikuwa na haraka.

Barua yenyewe ilihusu nyumba ya urithi iliyoko Kariakoo. Mpangaji wa fremu ya chini, muuza vitambaa, mkataba wake ulikwisha, naye akabaki. Mzee anayeisimamia nyumba kwa niaba ya wadogo zake akaendelea kupokea kodi kila mwezi na kumkatia risiti, bila yeyote kati yao kuzungumzia mkataba mpya. Wakili aliandika kwa Kiingereza kwamba mwenye nyumba alikuwa ameshakubali, tacitly, mpangaji aendelee kukaa. Nami nikaandika kwamba mwenye nyumba “alikubali kimyakimya”. Siku ya pili yake mzee akapanda ngazi hadi ofisini kwangu, barua mkononi, miwani ikiwa imeshavaliwa.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Hebu nisomee hapa.” Kidole kilikuwa juu ya sentensi ile. Nikasoma. “Kimyakimya. Mimi nilimficha nani? Risiti natoa, na hela wadogo zangu wanaiona kwenye daftari kila mwisho wa mwezi. Sasa wakiisoma hii watasema kaka alikuwa anakula kodi kwa mlango wa nyuma.”

Nilijaribu kumweleza kwamba maana iliyokusudiwa ilikuwa kutosema tu, lakini hata mimi nilisikia maelezo yangu yanavyolegea. Alinikatiza kwa upole. “Sikusema, ni kweli. Ila kila mtu aliona.” Nilichapa upya ukurasa ule mbele yake, sentensi ikawa: “Mwenye nyumba aliridhia kwa kunyamaza, huku akiendelea kupokea kodi na kutoa risiti.” Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaniaga.

Mzee yule aliona kwa kidole chake kile ambacho wahariri wa kamusi hawakukiona. Katika Kiswahili tunachozungumza kila siku, kimyakimya halimaanishi kukosekana kwa maneno tu. Lina harufu ya kujificha. Wezi huingia kimyakimya, mtu huoa mke wa pili kimyakimya, mfanyakazi hutafuta kazi nyingine kimyakimya ili bosi asijue. Jirani zake katika lugha ni kichinichini na chini kwa chini. Tacitly inakwenda njia ya kinyume kabisa, kwa sababu baina ya wahusika hakuna lililofichwa: kila mmoja anaona mwenzake anavyofanya, anajua mwenzake naye anaona, na kitu pekee kinachokosekana ni tamko. Kuweka secretly miongoni mwa visawe vyake, kwa hiyo, ni kosa la moja kwa moja, wala si suala la ladha ya mhariri.

Asili ya neno ingetosha kumwongoza mhariri huyo. Linatoka kwenye kitenzi cha Kilatini tacere, yaani kunyamaza, ambacho pia ndicho kilichozaa taciturn, neno la Kiingereza la mtu mzito wa kusema. Kunyamaza si sawa na ukimya. Jiwe liko kimya lakini halikunyamaza. Anayenyamaza ni yule aliyekuwa na nafasi ya kusema, pengine hata wajibu wa kusema, asiseme. Hapo ndipo ilipo nguvu ya kielezi hiki, na ndiyo maana kinapenda kukaa na vitenzi vya kukubali na kuruhusu: agree, accept, approve, admit, acknowledge, encourage, support, pamoja na assume. Hakikai na vitenzi vya mwendo. Mtoto anayenyata kwenda jikoni usiku anatembea silently, hawezi kutembea tacitly, lakini mwanafunzi anayeitegemea programu hii hana namna ya kujua hivyo, kwa sababu ameambiwa kwamba maneno hayo mawili ni visawe. Nimewahi kusahihisha insha ya binti wa jirani iliyokuwa na sentensi ya “The cat tacitly entered the room”, na sikuhitaji kuuliza alikolitoa.

Ipo pia tofauti, nyembamba zaidi, kati ya neno hili na implicitly, ambayo programu haiigusi kabisa. Implicitly hutumika pale maana inapokuwa imefungwa ndani ya jambo lililosemwa au kutendwa, ukilifungua unaikuta. Tacitly huegemea zaidi kwenye kunyamaza kwenyewe. Mipaka yao huingiliana, na wanasheria huyatumia yote mawili kinyume cha express, yaani lililotamkwa. Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo ndiyo mama wa sheria yetu ya mikataba Tanzania, katika kifungu cha 9 inagawa ahadi kwa mtindo huo: iliyotolewa kwa maneno, na iliyotolewa kwa njia isiyo ya maneno. Kamusi ya kulipia inayojitangaza kuwa ni ya “wataalamu” ingepaswa angalau kuonyesha kinyume cha neno. Nimelitafuta express kwenye programu hiyo. Nikapata treni na huduma ya vifurushi.

Pengine wahariri wangejibu kwamba Kiswahili hakina neno moja la kubeba maana yote hiyo. Ni kweli kwamba hatuna kiambishi tamati kama -ly kinachogeuza kila kivumishi kuwa kielezi. Lakini lugha yetu mara nyingi huuweka mzigo huo ndani ya kitenzi, na hapo ina utajiri ambao kamusi hii imeupita mbio. Kunyamazia, kwa kauli ya kutendea, ni kuliacha jambo kwa kutolisemea. Kufumbia macho ni kulikubali kwa kujifanya hulioni. Kulea, linapotumika kwa maovu, ni kuyapa nafasi yakue bila wewe kuyaamuru: shule ambayo kwa Kiingereza tacitly encouraged the bullying, kwa Kiswahili iliulea uonevu, na msomaji yeyote ataelewa bila kielezi kuongezwa. Kwa tacitly admitted ningeandika “alikiri bila kutamka”. Kwa tacitly assumed, “tulichukulia tu, hakuna aliyesema”. Na ule mfano wao wa They tacitly agreed, ambapo pande zote mbili zimenyamaza, una Kiswahili chake kizuri ambacho watu husema kila siku: “Walielewana bila kuambizana.” Hilo kimyakimya lao halifui dafu hapo.

Kwa sisi tuliokulia pwani na kusomeshwa chuoni, yaani madrasa, jambo lenyewe si geni hata kidogo. Mwalimu alitufundisha kwamba Sunna ni kauli ya Mtume, kitendo chake, na taqriri yake, yaani jambo lililofanywa akalijua asilikataze. Mfano wake ulikuwa wa Amr bin al-As ambaye, katika safari ya Dhatu Salasil, alipatwa na janaba, hali inayomlazimu mtu kuoga kabla ya kuswali, usiku wa baridi kali, akahofia kuoga, akatayamamu, yaani akajitwaharisha kwa udongo badala ya maji, na kuwaswalisha wenzake. Waliporudi walimshtaki kwa Mtume, naye akaulizwa, akajieleza. Mtume akacheka wala hakusema kitu. Kicheko kile na kunyamaza kule vikawa ruhusa. Hakuna mwalimu wa chuo ambaye angesema Mtume aliruhusu “kimyakimya”. Husema alinyamaza akaridhia, au alikiri kwa kunyamaza, na maneno hayo yamekuwa kwenye vinywa vya watu zamani kabla ya simu.

Wanazuoni hao hao waliweka pia ukingo, na ukingo huo ungefaa kuwa mfano wa pili katika kamusi. Imenasibishwa kwa Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyotapakaa pwani yetu, kauli kwamba aliyenyamaza hanasibishiwi neno. Na kanuni ya fikihi, elimu ya sheria ya Kiislamu, ikaongeza kwamba kunyamaza mahali penye haja ya kusema ni ubainifu, yaani ni sawa na kusema. Ndiyo maana katika hadithi inayojulikana sana kuhusu posa ya mwanamwali, idhini yake ni kunyamaza kwake, lakini lazima kwanza awe ameulizwa. Kunyamaza kwa mtu ambaye hajaulizwa hakumfungi kwa lolote.

Nilipata nafasi ya kuijaribu fasili ile kwenye uwanja mwingine nilipopewa kutafsiri mada za mafunzo ya mabaharia. Shirika la Kimataifa la Bahari, lenye makao yake London, lina utaratibu uitwao tacit acceptance wa kurekebisha mikataba yake. Chini ya mkataba wa usalama wa maisha baharini wa mwaka 1960, marekebisho yalihitaji kukubaliwa na theluthi mbili ya nchi wanachama, na kwa uzito wa nchi kujibu hayakuwahi kuanza kutumika. Mkataba wa mwaka 1974 ukaugeuza mzigo: marekebisho hupelekwa kwa nchi zote, tarehe hupangwa, na ikifika yanakuwa sheria, isipokuwa kama zaidi ya theluthi moja ya wanachama, au wale ambao meli zao kwa jumla zinafikia angalau asilimia 50 ya uzani wa meli za biashara duniani, wamepinga. Programu ingenitaka niandike kwamba nchi “zinakubali kimyakimya”, na baharia wa Kigamboni akisoma hivyo ataamini mataifa yanapitisha sheria gizani, ilhali kila kitu kimetangazwa na kila nchi ina barua mezani. Niliandika “ukubalifu kwa kutopinga”, na mhariri wa mada zile aliupitisha bila swali.

Sasa nifike kwenye fedha. Ada ya programu ni shilingi 30,000 kwa mwaka. Mwaka wangu wa kwanza ulipokwisha sikufanya chochote, kwa kuwa wiki ile nilikuwa na msiba kijijini, na asubuhi moja ukaingia ujumbe wa benki kwamba nimekatwa shilingi 30,000 nyingine. Niliwaandikia huduma kwa wateja nikaeleza kwamba sikuwa nimeomba mwaka wa pili. Jibu lilikuja kwa adabu na kwa sentensi moja: kwa kuwa sikusitisha usajili, nimekubali kuendelea. Nilikaa nikaliangalia jibu lile kwa muda. Kampuni iliyoshindwa kulieleza neno katika kamusi yake ilikuwa inalitumia kwenye akaunti yangu kwa ustadi kamili.

Nilitaka kuwajibu kwa kesi ya Felthouse dhidi ya Bindley ya mwaka 1862, ambayo kila mwanafunzi wa sheria ya mikataba huanza nayo. Mjomba wa Kiingereza, au tuseme baba mdogo kwa kuwa majina yao yanafanana, alitaka kununua farasi wa kijana wa ndugu yake. Mmoja alidhani bei ni pauni 30, mwingine akadhani ni gini 30 (gini moja ni pauni moja na shilingi moja), basi mkubwa akaandika kwamba wagawane tofauti, na kwamba asiposikia neno lolote atahesabu farasi ni wake kwa pauni 30 na shilingi 15. Kijana hakujibu. Dalali akamuuza farasi kwa bahati mbaya, mkubwa akamshtaki dalali, na mahakama ikasema hakuwa na farasi wa kudai, kwani mtu hawezi kumtwika mwenzake mkataba kwa kumwambia “ukinyamaza umekubali”.

Hata hivyo, haki ni haki. Nilipojisajili mara ya kwanza niliweka alama kwenye kisanduku kilichosema usajili utajihuisha wenyewe kila mwaka, na maandishi yake, ingawa madogo, yalisomeka. Kwa maana hiyo kunyamaza kwangu kulikuwa kumekwisha kupewa maana mapema, kwa kidole changu mwenyewe, na kesi ya farasi hainisaidii. Ninacholalamikia ni kwamba hawakunikumbusha. Wasomaji wa Bukavu na Bujumbura, ambao mikataba yao huandikwa kwa Kifaransa, wanaijua tacite reconduction, kuhuika kwa mkataba kwa sababu hakuna aliyesema basi. Na huko Ufaransa kwenyewe, tangu sheria ya mwaka 2005 inayoitwa kwa jina la Chatel, kampuni inayomhuishia mlaji mkataba namna hiyo ina wajibu wa kumtaarifu kabla kwamba anaweza kukataa. Ujumbe mmoja wa simu wiki moja kabla ungetosha, na ningelipa bila kinyongo.

Kwa mwanafunzi wa sekondari anayesoma hadithi na kutaka kupata maana ya haraka, programu hii inafaa, na kwa sauti yake pekee ninaipa nyota mbili. Ya tatu ni ya kufanya kazi bila intaneti. Mtafsiri wa nyaraka asiitumie peke yake. Kivumishi tacit kimeshughulikiwa vizuri zaidi kuliko kielezi chake, kwa fasili “isiyotamkwa, ya kuridhiana bila maneno”, kwa hiyo ushauri wangu kwa walioshanunua ni huu: ukikutana na kielezi chochote cha Kiingereza chenye -ly ndani ya kamusi hii, rudi kwanza kwenye kivumishi chake. Inaelekea vielezi viliandikwa na mtu mwingine, au mwishoni mwa siku.

Kuna kitufe cha kupendekeza masahihisho, nami nilikitumia. Niliwaandikia kuhusu secretly, nikawapa “kwa kunyamaza” na “bila kuambizana”, na nikawaeleza kisa cha mzee bila kumtaja. Toleo jipya limetoka mwezi uliopita. Secretly imeondolewa, na fasili sasa inasomeka “kimyakimya, bila kusema, kwa kunyamaza”. Mfano haujaguswa: bado walikubaliana kimyakimya. Kujihuisha kwa usajili nimekuzima, na programu ikaniuliza mara mbili kama nina uhakika.